Alama ya maji ukutani: maandalizi ya mafuriko katika bonde la Msimbazi

Ninapoitwa kutathmini hatari ya mafuriko katika mtaa, kitu cha kwanza ninachoomba kuonyeshwa ni ukuta. Jangwani, Dar es Salaam, mama mmoja alinionyesha mstari wa rangi ya kahawia kwenye plasta ya sebule yake, juu kidogo ya swichi ya taa, usawa wa kifua changu, akasema hapo ndipo maji yalipofika Desemba 2011, katika mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 40 jijini.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mvua kubwa, yaani inayozidi milimita 50 kwa saa 24, na tangazo hilo ni la lazima. Lakini milimita hizo hazimwambii mzazi kama apandishe godoro darini au awatoe watoto usiku huohuo. Mstari ukutani unamwambia.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba mvua inayoizamisha Jangwani mara nyingi hainyeshi Jangwani. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hushuka takriban kilomita 35, kisha huingia baharini karibu na Daraja la Selander, kwa hiyo mtu anaweza kulala chini ya anga tulivu akaamshwa na maji yaliyonyesha kwingine. Ndiyo maana ninazihimiza kamati za maafa za mitaa ziwe na mtu Ulongoni, mwenye simu yenye chaji na nguzo iliyopakwa rangi kandokando ya mto, ili maji yakigusa rangi nyekundu awapigie wenzake wa Vingunguti, Kigogo na Jangwani, nao wapulize filimbi na kuomba kipaza sauti cha msikiti. Muda unaopatikana ni mfupi, lakini unatosha kumbeba mgonjwa na kuchukua vyeti vilivyokwisha kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Huku chini kuna bahari pia. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida, maji ya mto hukosa pa kutokea na kurudi nyuma mitaani. Wavuvi hulijua hili kwa kuhesabu mwezi, na sioni sababu ya kamati kukaa bila mvuvi hata mmoja.

Siwezi kunyamaza kuhusu kutapisha vyoo. Anayefungulia shimo lake mvua ikinyesha anaupeleka uchafu moja kwa moja kwenye nyumba za walio chini yake, na kipindupindu hakiulizi nani alitapisha. Mashimo yanyonywe kabla ya masika kuanza mwezi Machi, na mtaa uchangie kwa wasio na uwezo, kwa kuwa gari la kunyonya maji taka ni ghali kwa kaya moja.

Alama ya ukutani nayo ina udhaifu wake. Mchanga unaoporomoka kutoka juu, ambako miti imekatwa na makazi yamepanda vilimani, hujaza mkondo hadi kitako cha mto kikainuka, kiasi kwamba mvua ileile iliyofika magotini zamani huweza leo kufika kiunoni. Kwa sababu hiyo kila mafuriko yapimwe upya na tarehe iandikwe kando ya mstari wake.

Tangu Benki ya Dunia iidhinishe mkopo wa mradi wa bonde la Msimbazi mwaka 2022, nyumba nyingi za Jangwani zimebomolewa na wenyewe kulipwa fidia, na nyumba ya mama yule ni mojawapo. Kabla tingatinga halijafika tulichukua mpira mwembamba wenye maji, ule wanaotumia mafundi uashi kusawazisha msingi, tukaushika ncha moja kwenye mstari wa sebuleni na nyingine kwenye ukuta wa jengo lililokuwa libaki ng'ambo ya barabara. Maji yalipotulia pande zote mbili, mama mwenyewe alishika brashi akaandika: Desemba 2011.