Huyu mzigo wake ameutua wapi? Wanawake wa Wangechi Mutu

Desemba ya 2019, nilipoenda nyumbani Nyeri, nilimwonyesha cucu, yaani nyanya yangu, picha niliyopiga New York miezi miwili kabla. Ilikuwa sanamu ya shaba: mwanamke ameketi wima, shingo ndefu, mikono imetulia mapajani, mwili wote umezungushiwa mikunjo kama kamba nene. Cucu aliisogeza simu karibu na dirisha, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa Kikuyu: "Huyu mzigo wake ameutua wapi?"

Cucu ana kibonde kwenye paji la uso. Ni alama ya mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao mama zetu wa milimani hubebea kuni na maji, mzigo ukiwa mgongoni na uzito wote ukivutwa na kichwa. Ukimwekea kidole pale unahisi mfupa umebonyea. Kwa hiyo mwanamke aliyenyooka shingo namna ile, machoni pake, lazima awe ametoka kutua kitu. Mimi nafundisha historia ya sanaa, na nilikuwa nimesoma mengi kuhusu sanamu ile kabla ya kusimama mbele yake. Cucu alifika kwenye kiini chake kwa swali moja.

Sanamu ile ni mojawapo ya nne ambazo Wangechi Mutu alizitengeneza kwa ajili ya uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan. Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasomea Marekani hadi Chuo Kikuu cha Yale, na sasa anafanya kazi kati ya Nairobi na New York. Uso wa jumba hilo ulikamilika mwaka 1902 ukiwa na mashubaka manne makubwa yaliyokusudiwa kuwekwa sanamu, lakini sanamu hazikuwahi kuwekwa. Mashubaka yakakaa wazi miaka 117. (Anayezijua nyumba za kale za Lamu ataelewa ajabu yake: kule kidaka hujengwa ili kibebe kitu, na bakuli la Kichina huwekwa humo lionekane.) Mutu ndiye msanii wa kwanza kupewa nafasi hiyo, na kazi yake akaiita The NewOnes, will free Us.

Sasa tuurudie mzigo. Katika sanaa ya Ulaya kuna sanamu iitwayo kariatidi, yaani nguzo iliyochongwa kwa umbo la mwanamke. Zilizo maarufu zaidi ni zile sita za hekalu la Erechtheion kule Athens, wasichana waliosimama wakiwa na paa kichwani. Mmoja wao alichukuliwa na mpaka leo yuko kwenye jumba la makumbusho la Uingereza, London. Vitruvius, msanifu wa Kirumi, alieleza kwamba jina hilo linatokana na mji wa Karyai, ulioungana na Waajemi dhidi ya Wagiriki wenzao. Mji uliposhindwa, wanaume waliuawa na wanawake wakafanywa watumwa, na wajenzi wakawachonga wakibeba majengo ili adhabu yao isisahaulike. Maelezo ya Vitruvius yanabishaniwa na wanahistoria, lakini hebu fikiria kwamba kwa karne nyingi watu waliyasoma na kuona ni jambo la kawaida: aibu ya mwanamke imegeuzwa kuwa nguzo nzuri.

Upande wetu nako kuna kariatidi. Waluba wa kusini mashariki mwa Kongo walichonga vigoda vya kifalme vinavyobebwa na mwanamke wa mti, na jumba lile lile la New York lina kimoja kinachotajwa kuwa cha mchongaji anayejulikana kama Fundi wa Buli. Ukibahatika kukiona, usikitazame kutoka juu. Chuchumaa. Utaona uso mrefu wenye mashavu yaliyobonyea, na viganja vikubwa bapa vimeinuliwa kushika kiti pembeni ya kichwa. Kwa Waluba mwili wa mwanamke ulikuwa ndio unaohifadhi siri na nguvu ya ufalme, kwa hiyo kigoda hicho ni heshima, wala si adhabu kama ile ya Karyai. Hata hivyo, heshima na yote, ni mwanamke aliyebeba na mwanamume aliyekalia.

Mutu alizisoma mila zote mbili, kisha akawaketisha wanawake wake bila kitu kichwani. Hakuna paa wala kiti cha mfalme. Ile mikunjo inayowafunika ni vazi na ni silaha pia. Inakumbusha shanga na pete za shingo za wanawake wa heshima katika jamii nyingi za Afrika. Kisha kuna visahani vya shaba iliyong'arishwa, mmoja ana kisahani machoni, mwingine mdomoni, na hapo ukiwaza sahani za midomo za wanawake wa Kimursi wa Ethiopia hujakosea. Nilipofika asubuhi, jua lilipiga kisahani kimoja na mwanga ukanirudia usoni hadi nikakinga macho kwa mkono. Nilikuwa nimeenda kutazama, na kile kisahani kikanifanya niinamishe uso. Nadhani ndivyo alivyokusudia.

Mzigo wenyewe aliushughulikia miaka minne kabla. Mwaka 2015, kwenye maonyesho makubwa ya Venice yaliyosimamiwa na Okwui Enwezor wa Nigeria, Mutu alionyesha filamu ya skrini tatu, The End of carrying All. Mwanamke anatembea nyikani na kikapu kichwani. Kila hatua kikapu kinaongezeka: gurudumu la baiskeli, dishi la setilaiti, majengo. Mgongo unapinda, mwendo unakuwa mzito, hadi mtu na mzigo wanakuwa donge moja linalotambaa, na mwishowe ardhi inammeza. Hakuna aliyekuja kumtua. Kwa mtu aliyelelewa katika nyumba ambamo "nitue" ni neno la kila jioni, ni filamu ngumu kuitazama.

Wengi hata hivyo walimjua Mutu kwa kolaji zake za awali, yaani picha za kubandika vipande. Katika mfululizo mmoja wa vipande 12 alichukua michoro ya vitabu vya zamani vya udaktari, ile inayoonyesha magonjwa ya kizazi, akabandika juu yake macho, midomo na miguu iliyokatwa kwenye majarida, pamoja na manyoya na vumbi la kumetameta. Daktari wa enzi hizo alimchora mwanamke kama viungo vya kukaguliwa. Jarida nalo humkata vipande vya kuuzia bidhaa. Mutu anavikutanisha vipande hivyo na kupata uso unaokukazia macho.

Na kuna nguva. Mwaka 2014 alifanya maonyesho London katika jumba la sanaa la Victoria Miro, akayapa jina la Kiswahili, Nguva na Nyoka, bila kutafsiri. Nilifurahi mno. Msomaji wa pwani haelezwi nguva ni nani: ni mnyama wa baharini anayenyonyesha mtoto wake, na ndiye pia mwanamke wa hadithi anayewaita wavuvi. Wazungu wana nguva wao mzuri mwenye nywele ndefu, anayesubiri kupendwa. Wa Mutu ana mng'ao wa giza, na hujui kama anakukaribisha au anakuzamisha.

Kazi yake ninayoirudia zaidi darasani, ingawa mimi na wanafunzi wangu tumeiona kwenye skrini tu, ni ya San Francisco mwaka 2021. Katika ua wa makumbusho ya Legion of Honor kuna sanamu ya mchongaji Mfaransa Rodin, yule Mfikiriaji anayejulikana dunia nzima, ameinama na kidevu mkononi. Mutu aliweka karibu naye wanawake wawili wa shaba, wamelala chini, wamefunikwa mkeka. Kinachoonekana ni mikono yenye kucha zilizopakwa rangi na miguu yenye viatu vya visigino virefu. Aliwaita Shavasana, jina la mkao wa yoga wa kulala kama maiti. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama wamepumzika au wameuawa. Darasa likanyamaza, kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kupita barabarani na kuona mkeka umefunika mtu.

Picha hiyo sijamwonyesha cucu.