Usemi wa jeni kwenye ubongo wenye usonji, maana yake nini?

Watu wakisikia usonji una uhusiano na jeni wanaruka moja kwa moja kwamba kuna jeni mbovu, na mama wa mtoto anaanza kuulizwa mambo ya kwao. Inaumiza watu bure, kwa hiyo ngoja tulielewe hili vizuri.

Seli ya ngozi yako na seli ya ubongo wako zina DNA ileile, kinachozitofautisha ni jeni zipi zinatumika na kwa kiasi gani. Jeni ikitumika, seli inatoa nakala yake inaitwa RNA, nakala zikiwa nyingi ujue jeni imechangamka, zikiwa chache imepoa. Huko kupanda na kushuka ndo usemi wa jeni. Ni kama redio, yenyewe nzima kabisa ila sauti imepunguzwa.

Sasa huwezi kumkata mtu hai ubongo ukahesabu, watafiti wanatumia ubongo wa marehemu ambao familia zao zilikubali kuutoa (na huo uamuzi si mdogo hata kidogo). Kipande kilichogandishwa kinasagwa, RNA inatolewa, inapimwa jeni kwa jeni, halafu wanalinganisha na wa watu wasio na usonji.

Mwaka 2011 timu ya mtafiti Daniel Geschwind wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, ilitoa matokeo ya watu 19 wenye usonji na 17 wasio nao. Jeni za sinapsi, yaani pale seli za neva zinapopeana taarifa, zilikuwa zimeshuka, na jeni za kinga ya mwili pamoja na za glia, zile seli zinazozihudumia neva, zimepanda. Ila kubwa kwangu ni hili, kwa kawaida gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, la mbele na la pembeni usawa wa sikio yanatofautiana kwa mamia ya jeni, kwenye usonji tofauti hiyo ilikuwa karibu imefutika.

Na lile kundi la sinapsi ndo lina jeni ambazo tayari zinahusishwa na kurithi usonji, la kinga halina, kwa hiyo inaelekea kinga imepanda kujibu kitu kilichotangulia, sio yenyewe iliyoanzisha.

Mwaka 2022 timu hiyohiyo ilipima maeneo 11 ya gamba la ubongo, ikakuta mabadiliko ya usemi wa jeni yametapakaa kote, na makali zaidi yako kisogoni, sehemu inayopokea taarifa za macho.