Kuchagua riwaya ya upelelezi ya Kijapani kwa klabu ya wanaojifunza lugha: dhana potofu na ukweli wake

Klabu ya wanaojifunza Kijapani ikikosea kitabu cha kwanza, wanachama huanza kupungua kabla mpelelezi hajafika nyumbani kwa marehemu. Aghalabu kosa halitokani na uvivu. Linatokana na kuchagua kwa sifa ya kitabu, bila kuangalia ukurasa ambao watu watakaa nao saa mbili usiku wakiwa na kamusi.

Dhana: Kinachotushinda ni kanji

Kanji, herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, hutafutika. Kwenye kitabu cha kielektroniki unabonyeza neno na kamusi inafunguka. Isitoshe, riwaya ya upelelezi ina fadhila yake: msamiati wake hurudi. Ukishajifunza *higaisha* (aliyedhuriwa), *yōgisha* (mshukiwa), *hannin* (mhalifu mwenyewe), *kyōki* (silaha iliyotumika), *genba* (mahali pa tukio), *dōki* (sababu ya kutenda), *misshitsu* (chumba kilichofungwa kwa ndani) na *aribai* (uthibitisho kwamba mtu alikuwa kwingine tukio lilipotokea), utakutana nayo mpaka ukurasa wa mwisho. Wapeni wanachama maneno 30 hadi 40 ya namna hii kabla ya sura ya kwanza, na mzigo utapungua mara moja.

Yanayokwamisha ni mambo mawili ambayo kamusi haiyamalizi.

La kwanza ni majina. Herufi 東野 husomwa Higashino kwa mtu mmoja na Tōno kwa mwingine. Furigana, yaani hiragana ndogo zinazoonyesha matamshi, katika vitabu vya watu wazima mara nyingi huwekwa pale tu jina linapotajwa mara ya kwanza. Ukilisahau ukurasa wa 12, ukurasa wa 90 huna wa kukusaidia. Tena mama mmoja huitwa kwa jina la ukoo na majirani, *okusan* na polisi, *kāsan* na mwanawe, na kwa jina lake tu na dada yake. Msomaji mgeni huhesabu watu wanne. Dawa ni daftari moja la klabu lenye safu nne: jina kwa kanji, matamshi, majina mengine anayoitwa na nani humwita hivyo, na ukurasa alipoingia. Jukkakukan no Satsujin ya Ayatsuji Yukito (1987) humpunguzia mgeni adha hii kwa njia ya pekee: wanafunzi wa chuo waliokwenda kisiwani huitana kwa lakabu za waandishi wa Magharibi kama Ellery, Carr na Agatha, zote kwa katakana, herufi za matamshi zinazoandikia maneno ya kigeni. Watu wengi wameingia Kijapani cha upelelezi kupitia mlango huo, na ni mlango mzuri.

La pili ni zito zaidi: mtendaji asiyetajwa. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji wake kifuani: nilifungua, alifungua, walifungua. Kijapani husema *doa o aketa*, mlango ukafunguliwa na mtu, na mtu huyo anaweza kuwa mimi, wewe, yeye au wao. Kwa mwanafunzi ni kama kukutana na kitenzi kilichonyofolewa kiambishi cha mbele. Waandishi wa Kijapani wamejenga ufundi mzima juu ya pengo hili, *jojutsu torikku*, hila ya usimulizi, ambapo msomaji humdhania mtendaji kuwa fulani hadi sentensi moja inapopindua kila kitu. Hatari kwa klabu ni kwamba mwanafunzi hawezi kujua kama amedanganywa na mwandishi au na udhaifu wake mwenyewe wa lugha.

Kwa hiyo kila sentensi ambayo mtendaji wake hauko wazi iwekewe alama pembeni, kisha kikao kiulizane. Alama za kutazama zipo. *Kureta* huonyesha tendo limekuja kwa msimulizi au mtu wa upande wake. *-Tai* (kutaka) katika sentensi ya kawaida huelekea kwa msemaji mwenyewe, na *-tagaru* kwa mtu mwingine. Kitenzi cha heshima hakimhusu anayesema. Kuhusu jinsia, msomaji wa Kiswahili ana bahati: "yeye" yetu haisemi mwanamume wala mwanamke, na majina kama Kaoru, Makoto na Hikaru hubebwa na wote wawili. Anayesoma akiwa na tafsiri ya Kiingereza mkononi huenda akapewa jinsia mapema, na fumbo likamfia hapo.

Dhana: Sisi ni N3, basi tutafute riwaya ya N3

N3 ni ngazi ya kati ya JLPT, mtihani wa umahiri wa Kijapani, na riwaya hazina ngazi ya mtihani. JLPT yenyewe, tangu muundo mpya wa 2010, haitoi orodha rasmi ya kanji wala maneno ya kila ngazi, kwa hiyo kibandiko cha "N3" juu ya riwaya ni makisio ya mtu fulani.

Pimeni wenyewe. Pakueni sehemu ya bure ya kitabu cha kielektroniki, acheni kurasa za mwanzo (huko mwandishi anachora mvua na mlima), mchukue ukurasa wa mwisho wa sampuli hiyo. Kila mwanachama ausome bila kamusi na kuhesabu maneno asiyoyajua. Chini ya 10, kitabu kinafaa kusomwa kwa mtiririko. Kati ya 10 na 20, kinafaa kwa kusoma polepole mkiwa pamoja. Yakizidi 25, kiacheni mwaka huu, hata kama nusu ya klabu imeshakipenda.

Kisha pimeni mwendo. Ukurasa wa *bunko*, kile kitabu kidogo cha sentimita 10.5 kwa 14.8, huweza kuwa na mistari 16 ya herufi 40, yaani 640. Ukitoa mapengo ya mazungumzo, kisieni 450. Riwaya ya kurasa 300 ina herufi kama 135,000. Anayesoma herufi 60 kwa dakika atahitaji saa 37 na nusu. Akisoma nusu saa kila siku, ni siku 75, na hapo bado hajafungua kamusi. Hadithi fupi ya kurasa 40 kwa mwendo uleule ni saa 5, siku 10. Ndiyo maana tunashauri klabu changa ianze na mkusanyo: kesi moja, kikao kimoja, kila wiki mbili. Tantei Garireo ya Higashino Keigo (1998) ina kesi tano, na mtindo wake ni wa sentensi fupi na mazungumzo mengi. Ila maelezo ya fizikia yatataka mtu mmoja ayaandae kabla ya kikao.

Dhana: Heshima inataka tuanze na Edogawa Ranpo

Heshima yake haina ubishi. Hadithi yake ya Nisen Dōka ya 1923 huhesabiwa mwanzo wa upelelezi wa kisasa wa Japani, na jina lake la uandishi ni Edgar Allan Poe kwa matamshi ya Kijapani. Alifariki 1965, na tangu Januari 2016 maandishi yake hayana hakimiliki nchini Japani, ndiyo sababu yanapatikana bure Aozora Bunko, maktaba ya mtandaoni ya Kijapani. Bure huvuta.

Lakini lugha ni ya miaka 100 iliyopita, aya ni ndefu, na fumbo la Nisen Dōka limejengwa juu ya maandishi ya Kijapani yenyewe, kwa hiyo mgeni atasoma jibu bila kuonja utamu wake. Mkimtaka Ranpo, chukueni Ningen Isu (1925): ni fupi, na sehemu kubwa yake ni barua. Angalieni pia lebo ya Aozora. Toleo la 新字新仮名 lina herufi na tahajia za kisasa. La 旧字旧仮名 lina za zamani, na litamvunja moyo hata mwanafunzi hodari.

Matsumoto Seichō na Yokomizo Seishi, waandishi wengine wakongwe wa upelelezi, wasubiri pia. Vijiji vya Okayama vya Yokomizo husema kwa lahaja, na katika Suna no Utsuwa ya Matsumoto lahaja ni sehemu ya ushahidi. Asiyezisikia lahaja za Kijapani atapitwa na kinachomsumbua mpelelezi.

Dhana: Cha vijana, au cha picha, ni chepesi

Hyōka ya Yonezawa Honobu (2001) ni ya wanafunzi wa sekondari, haina mauaji, na wanaoanza hupendekezewa kila siku. Msimulizi wake ana ulimi wa kitabuni, anapenda maneno yasiyosemwa sokoni. Ni riwaya nzuri kwa mwaka wa pili wa klabu. Katuni za Meitantei Conan, zilizoanza 1994, zina furigana kila mahali, lakini fungueni sura ya ufumbuzi muone mapovu ya maneno yalivyojaa: saa, kamba, sumu, nani alisimama wapi.

Wepesi wa kweli uko kwingine. Mfululizo wa Yumemizu Kiyoshirō wa Hayamine Kaoru, ulioanza 1994 chini ya nembo ya Aoi Tori Bunko ya Kodansha, uliandikwa kwa watoto wa shule ya msingi na hata hivyo mafumbo yake ni ya haki, yaani msomaji hupewa ushahidi wa kuyafumbua. Hen na Ie ya Uketsu (2021) ni ya watu wazima, ila jina la msemaji huandikwa mbele ya maneno yake, na ramani za nyumba hurudiwa kila hoja inapozihitaji. Lile tatizo la mtendaji asiyetajwa karibu linaondoka.

Kokuhaku ya Minato Kanae (2008) hufungua kwa mwalimu akizungumza na darasa lake kwa *desu* na *masu*, miisho ya sentensi ya adabu, lugha ileile ya kitabu cha somo la kwanza. Kisarufi inafikika. Lakini inahusu kifo cha mtoto mdogo, na wanachama waambiwe hilo kabla ya kupiga kura.

Dhana: Ukimjua muuaji, kitabu kimekwisha

Kuna aina nzima, *tōjo*, inayomwonyesha mtendaji mwanzoni na kuacha swali la atanaswaje. Yōgisha X no Kenshin ya Higashino (2005), iliyopata Tuzo ya Naoki ya fasihi, huonyesha mauaji katika sura ya kwanza. Kwa mwanafunzi ni nafuu kubwa, maana anasoma kila mazungumzo akijua nani anaficha nini, hata neno moja likimponyoka.

Dhana: Kila mtu anunue toleo lolote

Kurasa za *bunko*, za toleo kubwa na za kielektroniki hazilingani. Tajeni fungu la kusoma kwa namba ya sura na maneno matano ya kwanza ya aya ya mwisho. Onyeni pia kuhusu *kaisetsu*, maelezo ya mchambuzi mwishoni mwa *bunko*: wako watu wazoefu wanaoanza na hayo, na baadhi hutaja ufumbuzi waziwazi. Anayenunua karatasi afunge kurasa hizo kwa klipu.

Mwisho, msigawe kitabu kwa kurasa sawa. Baadhi ya riwaya za *honkaku*, upelelezi wa mafumbo ya kimantiki, huwa na ukurasa wa *dokusha e no chōsen*, changamoto kwa msomaji, unaosema ushahidi wote umeshatolewa. Simameni hapo. Kikao hicho kila mmoja alete jina la *hannin* na sentensi tatu za Kijapani za kumtetea au kumshtaki mtu, akinukuu ukurasa. Usipokuwepo ukurasa huo, simameni mpelelezi anapowaita wote sebuleni.