Kuwafundisha watoto wa Darasa la Pili kusoma na kuandika taarifa

Mtoto anayesoma hadithi bila kukwama si lazima aielewe taarifa. Hadithi humvuta kwa hamu ya kujua kitakachotokea, lakini matini ya taarifa humtaka aje na swali, kisha alitafute jibu katika vichwa vidogo, picha na maelezo yaliyo chini ya picha. Kwa sababu hiyo mimi huandika maswali ya watoto ubaoni kabla ya kuwagawia matini yenyewe.

Hapa Lindi nina kifungu kifupi nilichokiandaa kuhusu dinosaria wa Tendaguru, kilima kilichoko mkoani humu. Watoto huuliza walikuwa wakubwa kiasi gani na mifupa yao iko wapi, ndipo wanaposoma kwamba ilichimbwa na msafara wa Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi na kusafirishwa mpaka Berlin, ambako kiunzi kimoja kimesimamishwa kikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Namba hiyo haimwambii mtoto kitu ikibaki kwenye karatasi, kwa hiyo tunatoka kwenda uwanjani na kamba, tunaipima, na watoto wanasimama kuifuata kutoka ncha moja hadi nyingine.

Kuandika ni kugumu zaidi, na ndiko ninakotumia muda mwingi. Mtoto akiambiwa aandike kuhusu mkorosho, mara nyingi ataanza na “Hapo zamani za kale” au atasimulia siku aliyokwenda shambani na bibi yake. Hakosei, anatumia umbo pekee analolijua. Msimu wa korosho ukifika, ninaweka bibo pamoja na korosho yake mbele ya kila kikundi na kuwataka watoto waseme wanachokiona tu. (Korosho mbichi isivunjwe darasani, kwa kuwa mafuta ya ganda lake huunguza ngozi.) Wengi wamekula mabibo tangu utotoni, lakini hapo ndipo wanapotamka kwa mara ya kwanza kwamba mbegu ya tunda hili iko nje, imening’inia chini yake.

Sentensi zao ninaziandika kwenye karatasi ya manila, kisha tunazipanga pamoja: mkorosho ni nini, tunda lake likoje, hutumika kwa nini. Hapo ndipo ninapowaonyesha kazi ya “hu-”. “Bibo liliiva” ni habari ya bibo moja la siku moja. “Bibo huiva” ni habari ya mabibo yote. Watoto huishika tofauti hiyo upesi kuliko tunavyodhani, hata wale ambao nyumbani wanazungumza Kimwera au Kimakonde, mradi waisikie katika sentensi nyingi kabla ya kuiandika.

Jambo jingine ni kutenganisha kilichoonekana na kilichosomwa. Rangi ya bibo mtoto huiona mwenyewe, lakini kwamba mkorosho ulitoka Brazili na kuletwa na Wareno hawezi kulijua kwa kulitazama tunda, ni lazima asome au amuulize anayejua.

Ninaposahihisha, ninaanza na ukweli wa habari na mpangilio wake, tahajia baadaye. “Bibo ni tamu sana” siikati. Ninamuuliza mwandishi kama kila anayelila angekubali, kisha ninamwachia penseli aamue atakachoandika mahali pake.