Waksi Haijui Kama Imepakwa kwa Mkono au kwa Mashine

Swali linaloniudhi kuliko yote katika kazi hii huja kwa simu, kabla mteja hajalileta gari: "Mnapaka waksi kwa mashine au kwa mkono?" Nikijibu kwamba gari dogo hulipaka kwa mkono, hufuata ukimya, kisha ombi la kupunguziwa bei, kana kwamba nimekiri kufua mashuka ya hoteli kwenye beseni. Juzi swali hilo limekuja tena, safari hii likiwa na maelezo ya kitaalamu: joto la mashine hufungua vinyweleo vya rangi, waksi ikazama ndani, ndiyo maana ya mashine hudumu na ya mkono huoshwa na mvua ya kwanza. Nimeona niandike, ili atakayeuliza tena nimtumie kiungo na kuendelea na kazi.

Klia, yaani lile tabaka angavu la juu kabisa la rangi, haina vinyweleo vinavyosubiri kufunguliwa. Rangi ya gari la kisasa ina tabaka la chini la kushikiza, kisha rangi yenyewe, kisha klia, na klia hiyo mara nyingi ina unene wa maikroni 35 hadi 50 hivi, yaani haifikii unene wa unywele mmoja wa kichwani. Ikishakauka kiwandani ni plastiki ngumu, na waksi hukaa juu yake. Nta ya carnauba iliyomo kwenye waksi nyingi, ambayo hutokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, huyeyuka kwenye nyuzijoto 82 hadi 86 za Selsiasi. Mashine iliyowekwa kasi ya chini, ikiwa na sponji laini ya kupakia, haikaribii joto hilo, na ukiilazimisha ifike huko, klia ndiyo itakayoanza kulainika na kuungua, hasa kwenye kingo za boneti na milango ambako rangi huwa nyembamba kuliko sehemu nyingine.

Najua imani hii ilikotoka. Mtu aliona Harrier nyeusi iliyochakaa ikiingia gereji, akaona mashine ikizunguka, akaona gari likitoka linang'aa, naye akahitimisha kwamba waksi imefanya kazi hiyo. Haikuwa waksi. Ilikuwa kompaundi, ambayo ndani yake mna chembechembe za kusaga, na kazi yake ni kuchubua sehemu ndogo ya klia mpaka mikwaruzo ipungue kina au itoweke. Hapo mashine ni lazima, kwa kuwa mkono hauwezi kusaga paneli nzima kwa usawa, na sitabishana na yeyote. Ila klia iliyochubuliwa hairudi. Kila anayekwambia "piga mashine kila baada ya miezi mitatu" anakushauri uitumie akiba usiyoweza kuijaza tena, na baadhi yao huitumia kwa grainda ya kukatia chuma iliyofungwa sponji, chombo kinachozunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, wakati mashine ya kupolishia yenye mzunguko mmoja kwa kawaida haipiti sana 3,000 na fundi makini hufanyia kazi chini ya hapo. Hizo alama za mviringo unazoziona juani kwenye magari mengi ya mjini, pamoja na michirizi inayocheza kila ukihama hatua moja, nyingi ni mavuno ya ujuzi huo.

Kuna jambo moja linalowapa kidogo haki wanaonibishia. Zipo waksi zinazosafisha na kulinda kwa mpigo mmoja, na hizo zina chembechembe za kusaga pamoja na nta. Ukizipaka kwa mashine utapata matokeo bora kuliko kwa mkono, lakini ni kwa sababu ya kusaga, nayo nta imepata lifti tu. Kwenye Land Rover za zamani ambazo rangi yake haina klia utauona ukweli huu kwa macho: ukipaka waksi ya namna hiyo, kitambaa hugeuka rangi ya gari. Ukipaka waksi tupu, hakibadiliki.

Kwa waksi tupu, basi, mashine inaleta nini? Inaleta tabaka jembamba lililosambaa kwa usawa, na inauokoa mkono wa fundi. Mimi huitumia kwenye Alphard, kwenye Land Cruiser, na kwenye mapaa ya Coaster ambako mtu hufanya kazi juu ya ngazi. Huwa ni mashine inayozunguka huku ikiyumba, siyo ya mzunguko mmoja, kasi ya chini kabisa au moja juu yake, bila kuikandamiza, na waksi ya maji, kwa kuwa ile ngumu ya kopo haishiki vizuri kwenye sponji ya mashine. Hata hivyo vitasa, vioo vya pembeni, shoo ya mbele na nembo vyote hupakwa kwa mkono, pamoja na ukingo wa plastiki nyeusi, ambao ukiguswa na waksi hubaki na doa jeupe litakalokusumbua kuliko gari zima. Fundi mwenye mkono mwepesi hufikia wembamba uleule. Kosa la mkono ni kupaka nyingi kwa kudhani kwamba nyingi hulinda zaidi, ilhali yote iliyozidi ile inayogusa rangi huishia kwenye kitambaa.

Ninapokosa uvumilivu hasa ni kwenye kuitoa. Watu hubishana usiku kucha kuhusu kupaka, hatua ambayo ni vigumu kuiharibu, halafu hawaulizi lolote kuhusu kufuta, hatua ambayo ndiyo huweka mikwaruzo mipya kwenye gari lililotoka kutengenezwa. Ukivalisha mashine kofia ya kitambaa na kufuta boneti nzima, kofia hiyo hujaa mabaki ya waksi iliyokauka kabla hujafika mwisho, na tangu hapo unasambaza badala ya kuondoa. La pili ni vumbi. Vumbi la Dar es Salaam lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia yoyote. Punje moja ikinaswa chini ya kofia huzungushwa mamia ya mara mahali pamoja, nawe huioni, kwa sababu uso unaofanya kazi umeugeuzia rangi. Ukiwa na kitambaa cha maikrofaiba mkononi, kilichokunjwa mara mbili, una nyuso nane safi. Unafuta kidogo, unageuza, unakitazama. Mkono pia husikia. Kitambaa kikianza kukwama au kukwaruza, vidole hujua kabla jicho halijaona, na mashine haina habari hiyo ya kukuletea.

Hii haina maana kwamba mkono una baraka ya aina yake. Fulana kuukuu yenye mshono, taulo lililoanguka chini likakung'utwa na kurudishwa kazini, kitambaa kilichofuliwa kwa dawa ya kulainisha nguo mpaka nyuzi zake zikaziba, vyote hivi hutumiwa na mikono, na vyote huharibu. Nikilazimishwa kuchagua, kofia mpya na safi inayobadilishwa kila paneli ni afadhali kuliko kitambaa kimoja kinachozunguka gari zima. Lakini mtaje anayebadilisha kofia kila paneli.

Wakati wa kufuta nao hauamuliwi na saa. Maelekezo ya kopo yameandikwa kwa hali ya hewa isiyo ya pwani yetu. Hapa unyevu ukiwa mwingi, hasa siku za masika, waksi hukawia kukauka, na ukiifuta mapema unabaki na ukungu wenye mafuta unaorudi kila ukiufuta. Ukiipaka juani hukauka kabla hujamaliza mlango na kung'ang'ania kama imegandishwa. Hapo usiongeze nguvu, paka kidogo ya ileile juu yake, itailainisha, kisha ufute ukiwa kivulini. Kipimo ni kidole: kipitishe mara moja, kikiacha mstari safi, futa, kikiacha michirizi, subiri. Gari lililotoka kupigwa rangi gereji lisipakwe kabisa kwa wiki kadhaa, kwa kuwa rangi iliyokauka kwa hewa bado inatoa viyeyushi vyake, nawe utakuwa unaifunika pua. Fundi rangi akikwambia lilale siku mbili tu, muulize amelikausha kwenye chumba cha joto au chini ya mwarobaini.

Kuhusu muda wa kudumu, nitakuwa mkweli kuliko makopo. Gari linalolala nje Kigamboni au Kawe, likipigwa na jua na chumvi ya bahari na kuoshwa kwa sabuni ya unga, halitimizi ahadi za kopo, hata kama limepakwa na mashine ya bei gani. Tena matone ya maji yanayojiviringisha juu ya boneti, ambayo wateja huyachukua kama ushahidi, hayanishawishi sana: nimeona gari likiacha kuyaviringisha kwa sababu ya uchafu tu, likaoshwa vizuri, yakarudi bila kuongezwa waksi. Kwa hiyo nikiulizwa "imekwisha?", mara nyingi jibu langu ni kukisia kwa adabu.

Na tabaka la pili je? Vitabu vya kazi hii husema hufunika sehemu zilizorukwa mara ya kwanza, na hilo linaingia akilini. Kwamba huongeza unene au maisha ya waksi, siwezi kuapa, maana viyeyushi vya tabaka la pili hulainisha la kwanza, na unapofuta huenda unaondoa karibu yote uliyoongeza. Mteja akilitaka nampakia, kwa mkono, baada ya saa kadhaa, na silitozi.