Utayari wa afisa afya huanza miezi sita kabla ya mlipuko

Afisa afya anayetumwa kwenye mlipuko wa ugonjwa kwa kawaida hupewa siku moja ya kujiandaa, mbili akibahatika. Shirika la Afya Duniani, kanda ya Afrika, linataka watoa huduma wa kwanza wawe wameondoka ndani ya saa 24 hadi 48. Kipimo cha 7-1-7, ambacho nchi nyingi sasa hujipima nacho, kinatoa siku 7 za kugundua mlipuko, siku 1 ya kutoa taarifa na siku 7 za kukamilisha hatua za mwanzo za kuudhibiti. Muda huo unatosha kufunga begi na kuaga nyumbani. Hautoshi kujenga kinga ya homa ya ini B, kuhuisha leseni iliyokwisha muda, wala kujifunza kuvua vazi la kinga bila kujigusa. Kwa hiyo masharti ya utayari yapangwe kwa kuangalia kila sharti linadai muda gani, na yale ya muda mrefu yaanze leo.

Linalodai muda mrefu kuliko yote ni chanjo ya homa ya ini B. Dozi yake ya pili hutolewa mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya hiyo ya kwanza. Wengi huishia dozi ya pili, kadi ikawekwa kabatini, na mtu akajihesabu amechanjwa. Hata aliyemaliza zote tatu anapaswa kupima damu mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho ili kuhakikisha kingamwili zimefika angalau yuniti 10 za kimataifa kwa lita, kwani wapo watu wazima ambao miili yao haiitikii mzunguko wa kwanza na hulazimika kurudia. Ipo ratiba ya haraka ya siku 0, 7 na 21 inayodai dozi ya nne miezi 12 baada ya ya kwanza, lakini wiki tatu nazo ni nyingi kwa mtu aliyeambiwa gari linaondoka kesho alfajiri.

Chanjo nyingine ni nyepesi, ila kila moja ina siku zake. Chanjo ya homa ya manjano huchomwa mara moja na cheti chake hudumu maisha yote tangu kanuni zilipobadilishwa Julai 2016, lakini huanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchomwa. Ukichanjwa Jumatatu, usitegemee kuvuka mpaka wa nchi siku ya Ijumaa ya wiki hiyo. Homa ya uti wa mgongo nayo ihesabiwe siku 10 hivi, homa ya matumbo ya sindano wiki mbili. Chanjo ya kipindupindu ya kunywa ni dozi mbili zinazopishana wiki mbili, na haimpi mtu ruhusa ya kunywa maji ya kisimani. Pepopunda irudiwe kila baada ya miaka 10. Kwenye maporomoko na mafuriko, kama yale ya Hanang ya Desemba 2023, matope huficha mabati na misumari. Anayekwenda maeneo ya vijijini yenye mbwa wengi apate dozi mbili za kinga ya kichaa cha mbwa, siku 0 na siku 7.

Kwa homa za virusi zinazosababisha kutoka damu, uliza kwanza ni kirusi gani. Chanjo ya Ebola iliyoidhinishwa na kutumika sana Kongo hukinga dhidi ya aina ya Zaire pekee. Mlipuko wa Mubende, Uganda, uliotangazwa Septemba 20, 2022 ulikuwa wa aina ya Sudan, na chanjo hiyo haikufaa kitu. Marburg, iliyotangazwa Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025, haina chanjo iliyoidhinishwa. Rwanda ilipata Marburg Septemba 2024: wagonjwa 66, vifo 15, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Hapo kinga uliyo nayo ni vifaa, utaratibu na mikono yako.

Mikono hiyo hujifunza polepole. Kuvaa vazi la kinga ni rahisi. Hatari iko kwenye kuvua, kwa sababu anayevua amechoka, ana kiu, miwani imejaa ukungu, na anachotaka ni hewa. Utaratibu huanza kwa kuosha glavu za nje kwa klorini. Inafuata aproni, inayofunguliwa nyuma na kukunjwa upande mchafu ukiwa ndani. Kisha kifuniko cha kichwa, halafu ovaroli inayoviringishwa kutoka mabegani kushuka chini na kutoka pamoja na glavu za nje. Miwani hushikwa kwa mkanda wa nyuma, kichwa kikiwa kimeinamishwa mbele kidogo na macho yamefumbwa. Barakoa huanzwa mkanda wa chini, ndipo wa juu. Mabuti yatoke bila kushikwa kwa mikono, na glavu za ndani ziwe za mwisho. Kati ya kila hatua na inayofuata, mikono ioshwe.

Makosa yanajirudia karibu kila zoezi. Mtu hufungua zipu ya ovaroli bila kuinua kidevu, na kidole chenye glavu chafu kikagusa shingo. Mwingine anafuta jasho kwa mkono wa vazi. Wapo wanaovuta ovaroli kwa nguvu kwa kuwa ni ndogo, ikachanika begani. Ndiyo sababu saizi ya ovaroli, glavu na mabuti iandikwe kwenye fomu ya kila afisa mapema, badala ya kumpa kila mtu saizi ya kati. Kosa lililo gumu zaidi kulisahihisha ni la msimamizi wa eneo la kuvulia anayenyamaza. Kazi yake ni kusoma kila hatua kwa sauti na kumsimamisha anayevua, hata awe mganga mkuu wa mkoa. Asiyeweza kumwambia mkubwa wake “subiri, osha mikono kwanza” asipangiwe nafasi hiyo.

Kwenye joto letu, zamu ndani ya vazi zima isizidi saa moja, na mara nyingi ni dakika 40 tu. Kizunguzungu, kichefuchefu au kuanza kusahau maneno ni ishara ya kutoka mara moja, pamoja na mwenzako mliyeingia naye. Kwa hiyo cheti cha mafunzo cha miaka mitatu iliyopita hakithibitishi chochote. Aliye tayari ni yule aliyevaa na kuvua vazi zima mbele ya msimamizi ndani ya mwaka huu, na akafanya kazi ya mkono akiwa ndani yake.

Barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo za hewani, ina sharti lake. Inabidi ipimwe usoni mwa mhusika: anavaa, anafunikwa kofia ya plastiki, halafu dawa chungu au tamu inapulizwa ndani huku akipumua kwa nguvu, akigeuza kichwa kushoto na kulia, juu na chini, akizungumza na kuinama. Akionja ladha, barakoa inavuja, na ajaribu umbo au saizi nyingine. Kipimo hurudiwa kila mwaka, na mapema zaidi mtu akinenepa au akikonda sana. Ndevu zikipita kwenye ukingo wa barakoa, hata za siku mbili, kipimo hakifai kitu. Jambo hili lizungumzwe kwa heshima na mapema, kwani wapo wanaofuga ndevu kwa sababu za dini, na kwao unaweza kutafutwa mtambo wa kofia unaosukuma hewa iliyochujwa, au kazi isiyohitaji N95.

Kuna ujuzi mmoja mdogo ambao kila afisa, hata mtaalamu wa takwimu, anapaswa kuwa nao kichwani: kuchanganya klorini. Maji ya asilimia 0.5 ni ya vifaa, sakafu na glavu; ya asilimia 0.05 ni ya mikono mitupu. Kanuni ni kugawa nguvu unayotaka kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kopo, kisha kuzidisha kwa 1,000 ili upate gramu kwa lita. Kwa unga wa asilimia 70 inakuja gramu 7.1 kwa lita, yaani gramu 143 kwa ndoo ya lita 20. Kwa mikono, ndoo hiyohiyo inahitaji gramu 14.

Tatizo ni kopo lenyewe. Sokoni kuna unga wa asilimia 65 au 70, na upo pia wa asilimia 30 unaofanana nao kwa rangi na harufu. Anayekariri “gramu 143” bila kusoma kopo atapata, kwa unga wa asilimia 30, maji ya asilimia 0.2 tu, huku akiamini sakafu ya wodi ni salama. Alihitaji gramu 333. Ukitumia dawa ya maji ya asilimia 3.5, ile ya kung’arishia nguo nyeupe, sehemu moja ya dawa kwa sehemu sita za maji hutoa 0.5, na sehemu moja ya mchanganyiko huo kwa tisa za maji hutoa 0.05. Tumia ndoo ya plastiki, tia unga kwenye maji na si maji kwenye unga, fanya kazi mahali penye hewa, andika nguvu na tarehe kwenye ndoo, na umwage yaliyobaki kila siku. Usichanganye na asidi wala dawa yenye amonia. Ndoo ya 0.5 ikiwekwa kimakosa kwenye lango la kunawia, mikono huchubuka na kupasuka baada ya siku chache, na mpasuko ni mlango wa vijidudu. Kuwapulizia watu klorini mwilini hakusaidii na hakushauriwi, ingawa wanasiasa wanaotembelea kituo hupenda kuona jambo hilo likifanyika.

Takwimu nazo ni utayari. Afisa anayekwenda kusimamia orodha ya wagonjwa ajue kutofautisha tarehe dalili zilipoanza na tarehe mgonjwa alipofika kituoni, kwa kuwa mchoro wa mlipuko huchorwa kwa ile ya kwanza. Aandike mwezi kwa herufi, maana 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine. Akishika jina la kijiji pekee bila kitongoji na jina la mwenyekiti wake, timu ya ufuatiliaji itapoteza nusu siku ikiuliza njia. Waliotangamana na mgonjwa wa Ebola au Marburg hufuatiliwa siku 21 kuanzia siku ya mwisho waliyokutana naye, na siku hiyo ni siku 0. Timu zinazoihesabu kama siku 1 humwachia mtu siku moja kabla ya wakati.

Upande wa karatasi hauhitaji maneno mengi, ila ndio unaowakwamisha watu getini. Leseni ya baraza la taaluma iwe hai. Ofisi iwe na barua inayosema mtu anakwenda wapi, kwa siku ngapi, anaripoti kwa nani, posho inalipwa na nani, na akiugua atahamishwa kwa usafiri gani kwenda hospitali ipi. Kipengele hicho cha mwisho huachwa wazi mara nyingi, na afisa ana haki ya kukiulizia kabla ya kupanda gari. Lazima pia ajulikane atakayeshika kazi zake nyumbani. Kituo cha wilaya kisibaki bila afisa kwa sababu ya dharura ya mkoa mwingine.

Afya ya mhusika ipimwe kwa ukweli. Mwenye pumu atateseka kwenye chumba cha klorini. Mwenye vidonda mikononi asiingie kwa wagonjwa hadi vipone. Mjamzito asipangwe wodi ya Ebola au Marburg. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa halivumilii ovaroli mchana wa jua kali. Wote hawa wanaweza kufanya kazi muhimu ya simu, maabara, vifaa au takwimu, na fomu ya utayari iwe na nafasi ya kusema hivyo bila mtu kuonekana mwoga.

Begi libebwe na mwenyewe umbali wa kilomita moja, likimshinda, apunguze. Ndani yake kuwe na dawa zake binafsi za siku 30, miwani ya ziada kwa anayevaa, chandarua chenye dawa, tochi ya kichwani, chakula kikavu na maji au vidonge vya kutibu maji vya siku tatu, na pesa taslimu za noti ndogo, maana mtandao wa simu ukikatika huduma za pesa hukatika nao.

Kinga ya malaria ianze kwa wakati: doksisaiklini siku moja au mbili kabla ya kufika, kila siku ukiwa huko, na wiki nne baada ya kurudi. Hizo wiki nne ndizo zinazoachwa. Afisa anarudi nyumbani, anaacha vidonge, na siku ya 12 anapata homa. Kama alikuwa kwenye mlipuko wa Ebola au Marburg, homa hiyo imeangukia ndani ya siku 21 za uangalizi, ambazo anatakiwa kupima joto asubuhi na jioni kabla ya kumeza panadol au dawa nyingine yoyote ya kushusha homa. Huenda ni malaria tu, lakini hakuna wa kulithibitisha kwa kumtazama. Asipande bodaboda kwenda zahanati ya jirani. Ajitenge chumbani, apige namba ya msimamizi aliyopewa siku ya kurejea, aseme joto ni nyuzi ngapi na alitoka wapi, na asubiri timu yenye vifaa kinga ije kumchukulia damu ya vipimo vyote viwili. Namba hiyo ijaribiwe kwa kupigwa kabla hajaondoka kambini.