Nondo mdogo wa kwenye lemna: yanayosemwa na yalivyo

Wengi huamini kwamba nondo, mdudu anayefanana na kipepeo, na maji havipatani, na ukimkuta nondo mweupe juu ya kidimbwi basi amepeperushwa na upepo. Cataclysta lemnata, nondo wa Ulaya aliyepewa jina na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758, hakupeperushwa na chochote. Kazaliwa humo humo.

Jike hutaga mayai kwenye lemna, kile kimmea chenye vijani visivyozidi punje ya mchele, kinachotanda kama zulia juu ya maji yaliyotulia. Inama ulitazame zulia hilo bila haraka. Utaona kidonge cha vijani kinasogea chenyewe, na upepo hakuna. Ndani yumo kiwavi. Ameunganisha vijani kwa nyuzi za hariri akajitengenezea mfuko. Hutoa kichwa na miguu ya mbele, akatafuna lemna iliyo jirani, na ukimgusa hurudi ndani mara moja. Mimi sichoki kumtazama.

Wapo wanaodai kiwavi huyo ana matamvua kama samaki. Hana. Akiwa mchanga hupata hewa ya majini kupitia ngozi. Akikua, ngozi yake huwa haishiki maji, na mfuko wake hubeba hewa. Mwenye matamvua ni kiwavi wa jamaa yake, Parapoynx stratiotata, na nadhani mkanganyiko ulianzia hapo.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye kumtambua. Watu humwona mweupe leo, wa kahawia kesho, wakaandika aina mbili. Hao ni dume na jike! Jike ndiye wa kahawia, na ndiye mkubwa kidogo. Mabawa yakikunjuliwa hufika sentimita 2 hivi. Rangi iache kwanza, utazame ukingo wa bawa la nyuma: pana vidoa vyeusi vilivyojipanga, katikati yake vinang'aa kama fedha. Wote wawili wanavyo.

Wapo pia wanaohofia kwamba nondo huyu hula nguo. Nguo zako hazigusi. Viwavi wa nguo ni wa jamii nyingine kabisa.

Tena, baridi haimmalizi. Kiwavi huvuka majira hayo ndani ya mfuko wake, joto likirudi anaendelea kula, kisha anajifungia kwenye hariri awe pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa nondo, na nondo huanza kuruka mnamo Juni. Kwa hiyo anayekomba lemna yote kidimbwini kabla ya baridi huwakomba na nondo wa mwaka unaofuata. Ukilazimika kusafisha, tafadhali acha kona moja.